Skrini bila mvua: Taarifa za hali ya hewa hukwama wapi kati ya Dagoretti na chumba cha rubani?

Na MWANDISHI WETU

Mwezi wa Julai Nairobi huamka chini ya mawingu. Ukisimama kando ya Barabara ya Lang'ata saa moja na nusu asubuhi, Milima ya Ngong huioni, ingawa iko kilomita 20 hivi tu kutoka Uwanja wa Ndege wa Wilson. Abiria wa Maasai Mara wameketi na mizigo yao, ndege ndogo zimejipanga mbele ya mabanda, na kila rubani anajiuliza swali moja: mawingu haya yataachia saa ngapi?

Tuseme mmoja wao ana kifaa ambacho wenzake wanakionea wivu. Ni kipokezi cha hali ya hewa cha kubebwa mkononi, kilichoagizwa kutoka Marekani na kuwekwa juu ya dashibodi, kikaunganishwa na GPS ya ndege. Taa yake inawaka kijani. GPS inaonyesha ndege ilipo bila kukosea. Hata ndege kubwa zinazoteremka kuelekea Uwanja wa Jomo Kenyatta zinaonekana zikisogea kwenye skrini.

Anafungua ukurasa wa hali ya hewa. Mtupu. Hakuna mvua, hakuna mawingu, hakuna ripoti ya uwanja hata mmoja.

Anazima na kuwasha. Anabadilisha kebo. Anakisogeza kifaa karibu na kioo. Anafuta muunganisho na kuuanza upya. Anaweza kuimaliza asubuhi nzima hivyo, kwa sababu kosa analolitafuta halimo ndani ya kifaa.

Makala haya yanalifuata kosa hilo hatua kwa hatua, kutoka kwenye waya hadi angani. Yanaishia kwenye jambo linalowahusu watu wengi kuliko mwenye kifaa: namna Kenya inavyomfikishia rubani wa ndege ndogo taarifa za hali ya hewa akiwa tayari yuko hewani.

KOSA LINAVYOTAFUTWA

Fundi mzuri huanza na umeme. Ndege ndogo nyingi hutumia umeme wa volti 14 au 28, kulingana na aina na umri wake. Chaja ya bei nafuu iliyotengenezwa kwa gari la volti 12 inaweza kufanya kazi katika ndege moja na kuungua katika nyingine iliyoegeshwa jirani. Chaja duni pia hutoa kelele za umeme zinazovuruga redio na hata kudhoofisha mawimbi ya GPS. Kwa hiyo jaribio la kwanza ni rahisi: chomoa chaja, tumia betri ya kifaa chenyewe, uone kama kuna kinachobadilika.

Hatua ya pili ni muunganisho. Vifaa vikiunganishwa kwa waya, kipokezi na GPS lazima vipangwe kutumia mfumo mmoja wa data na kasi moja. Kimoja kikipangwa tofauti, vyote viwili vitawaka vizuri na bado havitaelewana.

Vikiunganishwa kwa Bluetooth, tatizo huwa jingine. Kipokezi hukubali vifaa vichache tu kwa wakati mmoja, na mara nyingi hukimbilia kile kilichokizoea. Huenda kimeungana na tableti iliyomo ndani ya begi, huku GPS ikisubiri. Dawa ni kuzima Bluetooth ya kila kifaa kingine, kufuta muunganisho wa zamani pande zote mbili, kisha kuanza upya.

Ya tatu ni antena. Inapaswa kuona anga. Cessna nyingi zina mbawa juu ya chumba cha rubani, na bati la bawa huzuia mawimbi. Kifaa kikiwekwa kitini au chini ya karatasi za safari, kitapokea kidogo au kisipokee kabisa. Kikiwekwa juu ya dashibodi, jua hukipiga kupitia kioo, na betri ya lithiamu ikizidi joto huacha kuchaji au kifaa hujizima ili kujilinda.

Ya nne ni programu. Kipokezi kilichosasishwa mwaka huu huenda kisielewane na GPS ambayo programu yake ni ya miaka kadhaa iliyopita. Ya tano ni malipo: huduma nyingine za hali ya hewa hulipiwa kila mwezi, na malipo yakikatika picha hukatika.

Rubani wetu wa Wilson amepitia hatua zote tano. Umeme uko sawa, muunganisho upo, antena inaona anga, programu ni mpya na malipo yamelipwa. Inabaki hatua ya sita, ambayo wengi huisahau: je, kuna mtu anayetangaza?

> Katika maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, utanunua kebo, betri na chaja. Matangazo ya hali ya hewa hayauzwi dukani.

MATANGAZO YA BARA JINGINE

Vipokezi vingi vya aina hii vilitengenezwa kwa soko la Marekani, na hupata taarifa kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni setilaiti za kampuni ya redio ya SiriusXM. Setilaiti hizo zimewekwa kuhudumia Amerika Kaskazini. Mtu aliye Nairobi hawezi kuzipata, hata antena yake iwe bora kiasi gani na hata awe amelipia mwaka mzima.

Njia ya pili ni minara ya ardhini ya mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA. Minara hiyo hurusha taarifa za hali ya hewa bure kwenye masafa ya megahezi 978, kupitia huduma iitwayo FIS-B. Rubani anayeruka Texas au Ohio hupata picha za rada, ripoti za viwanja na maonyo ya dhoruba bila kulipa senti. Huduma hiyo ni ya Marekani. Hapa kwetu hakuna mnara unaoirusha.

Mbona basi ndege nyingine zinaonekana kwenye skrini? Hapo ndipo wengi wanapopotea. Ndege kubwa duniani kote hujitambulisha kwenye masafa mengine, megahezi 1090, na hufanya hivyo zenyewe bila kutegemea mnara wa Marekani. Ndege inayoingia Nairobi kutoka Dubai au London hutangaza mahali ilipo, na kipokezi kilichoko Wilson kinaweza kuisikia moja kwa moja.

Matokeo yake ni hatari ya kimya kimya. Kifaa kinaonyesha dalili zote za uzima: taa, muunganisho, ramani, ndege zinazosogea. Rubani asiyejua tofauti ya masafa hayo mawili anaweza kuutazama ukurasa wa mvua ulio mtupu akadhani kwamba mvua haipo.

Funzo la kwanza ndilo hilo, nalo ni la uhai. Skrini tupu inaweza kumaanisha anga safi, na inaweza kumaanisha kwamba hakuna taarifa yoyote iliyofika. Vifaa vingi huandika muda wa taarifa ya mwisho kwenye kona ya ukurasa. Pasipokuwa na muda, hakuna taarifa.

1929: MWAKA WA TAASISI MBILI

Nairobi haikukosa wataalamu wa anga. Kwa hakika jiji hili lilianza kuruka na kuanza kuchunguza hali ya hewa kwa utaratibu wa kitaasisi katika mwaka mmoja.

Mwaka wa 1929, Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways, akishirikiana na rubani Tom Campbell Black. Ilianza na ndege moja ndogo aina ya Gipsy Moth. Uwanja uliokuwa makao yake, ambao awali uliitwa Nairobi West, ulipewa jina la mama huyo mwaka wa 1962.

Mwaka huohuo wa 1929 ndipo Waingereza walipoanzisha huduma ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki. Baadaye ikawa idara ya pamoja ya Kenya, Uganda na Tanzania, hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977. Kenya ikabaki na idara yake, makao makuu yakiwa Dagoretti Corner, kando ya Barabara ya Ngong.

Kutoka Dagoretti Corner hadi Wilson ni chini ya kilomita kumi. Mtabiri na rubani wamekuwa majirani kwa miongo mingi, na siku ya mvua huloa kwa wingu moja.

Leo Wilson ni uwanja wa kazi nyingi. Madaktari wa ndege wa AMREF, shirika la afya lililozaliwa mwaka wa 1957, huondokea hapo kuwafuata wagonjwa katika nyanja za murramu. Watalii huondokea hapo kwenda Mara, Samburu na Lamu. Miraa husafirishwa kutoka hapo kwenda Mogadishu. Wanafunzi wa urubani hujifunza hapo kupaa na kutua. Idadi kubwa ya ndege hizo ni ndogo, na nyingi hazina rada ya hali ya hewa puani kama ndege kubwa.

DAGORETTI KUNA NINI?

Taarifa zipo. Idara ya Hali ya Hewa ina wachunguzi katika viwanja vikuu, Wilson ikiwemo, wanaotazama anga na kupima upepo, joto, shinikizo la hewa na umbali wa kuona. Dagoretti Corner ni kituo cha kurushia puto la vipimo, linalopanda kilomita nyingi juu likituma joto, unyevu na upepo wa kila tabaka. Chuo cha idara hiyo, kilichoko hapohapo, ni kituo cha mafunzo kinachotambuliwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, na Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha somo hilo katika bewa la Chiromo.

Juu zaidi ziko setilaiti za Meteosat za shirika la Ulaya la EUMETSAT. Kwa miaka mingi zimekuwa zikipiga picha ya Afrika nzima kila dakika 15. Picha hizo hutumwa kwa idara za hali ya hewa barani Afrika kupitia antena za dishi zilizofungwa kwenye ofisi zao. Setilaiti ya kwanza ya kizazi kipya, iliyorushwa mwezi wa Desemba 2022, hupiga picha kila dakika kumi na ina chombo cha kuhesabu radi.

Yaani mtaalamu aliyeketi Barabara ya Ngong anaweza kuliona wingu la radi likijijenga juu ya Bonde la Ufa. Rubani anayelielekea wingu hilo hana picha hiyo.

Anachokipata mara nyingi ni METAR, ripoti fupi ya uwanja inayotolewa kila saa au kila nusu saa. Ni mstari mmoja wa herufi na tarakimu, lakini umebeba mengi. Chukua mfano huu wa asubuhi ya Julai:

HKNW 040430Z 00000KT 6000 BKN008 15/13 Q1024

HKNW ni Wilson. 040430Z ni tarehe nne, saa 04:30 za kimataifa. Kwa saa zetu ni saa moja na nusu asubuhi, kwa kuwa tuko mbele kwa saa tatu. Wanafunzi wengi hukwaa hapa: anayesahau kuongeza saa tatu ataidhani ripoti mpya kuwa ya zamani.

00000KT maana yake upepo umetulia. 6000 ni umbali wa kuona, mita 6,000. 15/13 ni nyuzi joto 15 na kiwango cha umande 13. Namba hizo zikikaribiana, ukungu uko mlangoni. Q1024 ni shinikizo la hewa, ambalo rubani huliweka kwenye kipimakimo chake.

Kiini ni BKN008. Mawingu yamefunika thumni tano hadi saba za anga, na sakafu yake iko futi 800 juu ya uwanja.

Sasa piga hesabu. Wilson iko futi 5,536 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo sakafu ya mawingu iko futi 6,336. Kilele cha Ngong kiko futi 8,071. Zaidi ya futi 1,700 za mlima zimezama ndani ya wingu, na mlima huo uko upande uleule anakotaka kwenda rubani wa Mara.

> Ndege ya kasi ya noti 160 hufika Ngong kutoka Wilson ndani ya dakika nne au tano.

Kanuni za kimataifa ziko wazi. Anayeruka kwa kutegemea macho haruhusiwi kupaa katika eneo la uwanja ikiwa dari la mawingu, yaani hiyo sakafu yake, liko chini ya futi 1,500 au umbali wa kuona uko chini ya kilomita tano, isipokuwa kwa idhini maalumu ya waongoza ndege. Mstari huo mmoja wa METAR, ukisomwa sawasawa, umeshamjibu rubani wetu bila kipokezi chochote: subiri.

GHARAMA YA KUTOJUA

Kenya imeshalipa bei kubwa kwa mawingu yanayokumbatia milima.

Tarehe 10 Aprili 2006, ndege ya kijeshi aina ya Y-12 iliyotoka Nairobi ilianguka karibu na Marsabit katika hali mbaya ya hewa. Watu 14 walikufa, miongoni mwao wabunge waliokuwa safarini kutafuta amani, akiwemo Dkt Bonaya Godana, waziri wa zamani wa mambo ya nje.

Tarehe 5 Juni 2018, ndege aina ya Cessna Caravan ya kampuni ya FlySax iliondoka Kitale kuelekea Jomo Kenyatta ikiwa na watu kumi. Ilipotea jioni hiyo. Mawingu na hali mbaya ya hewa viliwazuia waokoaji kuifikia mapema. Mabaki yalipatikana siku mbili baadaye milimani Aberdare. Hakuna aliyepona.

Ajali huwa na sababu nyingi zinazopishana, na haitakuwa haki kusema kwamba kifaa kimoja kingeokoa maisha hayo. Lakini matukio hayo yanaonyesha mahali hatari yetu ilipo. Hapa, wingu la kawaida linakuwa hatari linapokutana na ardhi iliyoinuka: Ngong, Aberdare, Mau, Mlima Kenya, Marsabit. Nairobi yenyewe hupanda kutoka mashariki kwenda magharibi. Kikuyu na Limuru ziko juu kuliko Wilson, na vitongoji vya magharibi hupata mvua zaidi ya upande wa Embakasi. Uwanja wa Jomo Kenyatta unaweza kuwa na jua huku Karen ikiwa ndani ya ukungu.

Ndiyo maana ripoti ya uwanja mmoja haitoshi. Rubani anahitaji picha ya njia nzima, na anaihitaji inapobadilika.

PANDE ZINAZOVUTANA

Kuhusu dawa ya tatizo hili, watu wa anga hawako upande mmoja.

Hoja ya wenye ndege na marubani wa kukodishwa ni nzito. Nyanja nyingi za Mara, Samburu na Turkana hazina mchunguzi wa hali ya hewa. Rubani huondoka Wilson na utabiri wa asubuhi, akafika saa sita mchana wakati mawingu ya radi yameshaota. Mwenzake wa Marekani anaruka akiwa na picha mpya mkononi. Kwa nini Mkenya asiwe nayo?

Walimu wa urubani wana wasiwasi wao, nao una ushahidi. Mwezi wa Juni 2012, bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, iliwaonya marubani kwamba picha za rada kwenye vipokezi hivyo zinaweza kuwa na umri mkubwa kuliko ulioandikwa kwenye skrini. Katika hali mbaya kabisa tofauti hufika dakika 15 hadi 20, kwa sababu muda unaoandikwa ni wa kutengenezwa kwa picha, wakati vipimo vyenyewe vilichukuliwa mapema zaidi. Bodi hiyo ilitaja ajali mbili zilizoua ambapo marubani walikuwa na picha hizo mbele yao.

Ndani ya dakika 15, ndege ya kasi ya noti 160 huenda kilomita 74, na wingu la radi la ukanda wa joto linaweza kukua na kuziba njia. Picha ya aina hiyo humsaidia rubani kuamua mapema aizunguke dhoruba yote kwa mbali. Anayeitumia kupenya katikati ya mawingu mawili anacheza na roho za watu.

Kwa upande wa usimamizi, sheria za usafiri wa anga haziyumbi. Kifaa cha kubebwa mkononi ni msaada tu. Hakichukui nafasi ya vyombo vilivyoidhinishwa, wala hakimwondolei rubani wajibu wa kupata taarifa rasmi kabla ya kuruka. Na kuanzisha matangazo mapya si jambo la kufunga antena juu ya paa: kunahitaji masafa yaliyotengwa, viwango vya kimataifa na mtu wa kuwajibika taarifa ikikosewa.

Wataalamu wa hali ya hewa nao wana hoja isiyosikika sana. Picha nzuri kwenye skrini hutegemea vipimo vizuri ardhini. Picha za mvua zinazowavutia marubani wetu katika vifaa vya Marekani hutoka kwenye mtandao wa rada za hali ya hewa uliojengwa kwa miaka mingi. Jirani zetu Tanzania wamejenga rada kama hizo, zikiwemo za Dar es Salaam na Mwanza. Mnara wa kurusha matangazo usio na vipimo nyuma yake utarusha ukurasa uleule mtupu.

Tukizipima hoja hizi, hakuna inayoibatilisha nyingine. Marubani wana haki ya kudai taarifa. Walimu wana haki ya kudai nidhamu. Wanaopima hewa wana haki ya kudai vifaa. Kinachokosekana ni meza moja ya kuwakutanisha.

NJIA ZILIZOPO LEO

Wakati mjadala ukiendelea, rubani wa Wilson hajafungwa mikono.

Kabla ya kuondoka, simu ya kawaida inatosha kumpa METAR, utabiri wa viwanja na picha za Meteosat kupitia intaneti. Ni busara kuzihifadhi kwenye tableti akiwa bado ardhini. Mtandao wa simu haukujengwa kwa ajili ya watu walio angani. Antena zake huelekezwa chini waliko wateja, na juu ya Bonde la Ufa mawimbi huja na kupotea.

Akiwa hewani, kuna vipokezi vinavyotumia setilaiti za Iridium, ambazo huzunguka dunia nzima na kuihudumia Kenya pia. Rubani huomba taarifa za njia yake, na ndani ya muda mfupi hupata ripoti za viwanja. Data yake hulipiwa na huja kidogokidogo, na haiwezi kumpa picha ya rada mahali pasipo na rada. Lakini inafanya kazi hapa, jambo ambalo kile kipokezi cha Marekani hakiwezi. Anayefikiria kununua kifaa na amuulize muuzaji swali moja kabla ya bei: huduma hii hupatikana Nairobi?

Kuna redio pia. Waongoza ndege hutoa upepo, shinikizo la hewa na hali ya uwanja, na rubani aliyetangulia ni mchunguzi bora kuliko mashine nyingi. Sauti ya mtu anayesema kwamba dari liko chini kwenye mteremko wa Ngong, au kwamba kuna mtikisiko mkali juu ya Longonot, ni taarifa ya dakika hiyohiyo. Ripoti hizo hugharimu sekunde chache. Zisipotolewa, kila rubani huligundua wingu lilelile peke yake, na mtabiri wa Dagoretti hajui kama utabiri wake ulitimia.

KABLA YA KULAUMU KIFAA

• Jaribu kifaa kwa betri yake, bila chaja ya ndege.
• Hakikisha kipokezi na GPS vimepangwa kwa mfumo mmoja na kasi moja.
• Zima Bluetooth ya simu na tableti nyingine zote zilizomo ndani ya ndege.
• Weka antena mahali inapoona anga, mbali na jua kali.
• Sasisha programu ya vifaa vyote viwili, ukiwa ardhini.
• Tazama muda wa taarifa ya mwisho. Pasipo muda, chukulia kwamba hujui lolote.
• Uliza kama huduma unayoitegemea inatangazwa Kenya.

WITO KWA WANAOHUSIKA

Idara ya Hali ya Hewa inapima na kutabiri. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Kenya, KCAA, inaongoza ndege na kusimamia usalama. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, KAA, inasimamia Wilson. Ofisi ya kanda ya shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, iko Gigiri, jiji hilihili. Ni miji michache barani Afrika iliyo na taasisi hizi zote ndani ya mwendo wa saa moja wa gari.

Haihitajiki kunakili minara ya Marekani kesho asubuhi. Hatua ya kwanza ni ndogo: ukurasa mmoja rasmi, mwepesi kwa simu, wenye METAR za nchi nzima, picha ya setilaiti ya hivi karibuni na maonyo ya mawingu ya radi, kila kimoja kikiwa na muda wake ulioandikwa kwa saa za kimataifa na za Afrika Mashariki. Hatua ya pili ni utaratibu wa kupokea ripoti za marubani na kuzirudisha kwa wengine ndani ya dakika chache. Hatua ya tatu, iliyo ghali, ni rada na njia ya kuzifikisha picha zake angani. Anayeanza na ya tatu akaziruka mbili za kwanza atakuwa amenunua skrini nyingine tupu.

Nawe rubani, iwe una saa hamsini za kuruka au elfu kumi: soma METAR kabla ya kuwasha injini, piga hesabu ya sakafu ya mawingu dhidi ya mlima ulio mbele yako, na toa ripoti ya unachokiona ukiwa njiani. Mawingu yakiwa chini ya kiwango, usiondoke. Abiria aliyechelewa Mara kwa saa mbili atalalamika, kisha atasahau.

Wakenya wanaopanda ndege hizi, wagonjwa wanaofuatwa na ndege hizi na familia zinazowasubiri wana haki ya kujua kwamba anayewarusha anajua kilicho mbele yake. Kuihakikisha haki hiyo ni kazi ya serikali, na ianze sasa.